Mpira Kati ya Watu Wawili

Mansfield, 6 Aprili 2024

Dada Fiona,

Natumai Houston mko salama na shemeji amepona homa. Sisi tu wazima, ila chavua za miti zinatutoa machozi.

Nimepata mgonjwa mpya wa kutunza nyumbani kwake: Mzee Shirakawa, Mjapani. Alicheza besiboli ya kulipwa kwao miaka mingi, kisha timu moja ya hapa Texas ikamleta kulinda nyasi za nyuma, kule mipira ya juu inakoangukia. Binti yake anasema alikuwa na mbio za swara. Sasa akili yake inapotea njia.

Kila alasiri anatoka uani, anavua kofia, anaziinamia nyasi, halafu anapaza sauti: "Ni wangu!" Kisha anangoja. Haingii ndani. Jana alinyeshewa huku nikimvuta kama mbuzi.

Binti alinieleza. Siku moja uwanjani mpira ulipanda kati ya Mzee na mwenzake, Wade. Sheria yao: anayeutaka aite, mwingine ajibu, "Chukua!" Mzee alikuwa mdogo kwa Wade, na alivyolelewa, mdogo hamtangulii mkubwa kusema. Akanyamaza, amngoje. Wade hakusikia mtu, akaja mbio. Waligongana. Wade hajatembea tena. Mzee aliacha mchezo msimu uleule.

Wade yuko Pasadena, karibu na wewe. Mwombe apige simu, ajibu neno hilo moja. Mzee hatatulia mpaka alisikie.

Mdogo wako,
Jedidah

Houston, 13 Aprili

Jedidah wangu,

Watoto hawajambo? Shemeji yako amepona; ameanza kulalamikia chakula.

Nilimkuta Wade barazani kwenye kiti cha magurudumu. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Kumbe ni yeye. Tangu Krismasi, kila alasiri, nasikia mtu akiita nyuma ya nyumba. Mke wangu hasikii kitu." Mwili ulinisisimka, na unanijua, mimi si wa kutishwa na mapepo.

Simu hataki. Atakuja mwenyewe Jumamosi, nitamleta kwa gari langu. Anaomba Mzee asijibiwe na mtu mwingine.

Dada yako,
Fiona

Mansfield, 17 Aprili

Dada,

Pole na kazi. Kwangu si kwema.

Barua yako nimeifungua leo. Jumatatu kulikuwa na ngurumo, na Mzee hakutaka kuingia. Kazini tulifundishwa tusibishane na mgonjwa wa aina hii, tumfuate alipo. Nikasema kutoka mlangoni, "Chukua!"

Sikujua atakimbia. Alikimbia kinyumenyume, macho juu, mkono umenyooka, mpaka akajigonga kwenye ua wa mbao, akaanguka. Amefariki hospitalini asubuhi ya leo.

Mwambie Wade asije.

Mdogo wako,
Jedidah

Houston, 21 Aprili

Jedidah,

Pole, mdogo wangu. Umekula? Ulimtunza, hukumsukuma.

Nimemwambia Wade. Aliuliza Mzee alianguka lini. Jumatatu alasiri, nikasema. Akatikisa kichwa: tangu Jumatatu nyuma ya nyumba ni kimya, na kimya hicho ndicho kinachomnyima usingizi. Hakulaumu. Ila anataka kujua jambo moja: aliudaka?

"Hapakuwa na mpira," nikamwambia.

"Wewe muulize tu mdogo wako," akasema.

Dada yako,
Fiona

Mansfield, 28 Aprili

Dada,

Asante kwa kuniuliza. Nimeanza kula kidogo.

Mwambie Wade sijui. Mkono wa Mzee ulikuwa umefumbwa. Mimi na binti yake tulijaribu kuufungua tulipomfuta mwili, ukakataa. Ijumaa alichomwa kwa desturi yao, mkono umefumbwa vilevile.

Mdogo wako,
Jedidah