Alama Kwenye Kichupa

Machi 3

Bi Kwa Nini, mwanangu,

Hujambo huko? Mama yako hajambo, kazi yake ni kunificha chumvi. Mimi mzima, isipokuwa hiyo vali moja, kile kilango cha moyo, wanayonitengenezea wiki ijayo.

Leo muuguzi kanijia na karatasi. Eti nikubali kutoa damu kabla ya upasuaji, maabara yenu iseme moyo wa nani utavurugika mapigo baadaye. Damu itoke mkononi, itoe habari za moyo ambazo hazijatokea! Miaka yote nimewaponda wapiga ramli kwenye makala zangu za gazeti, leo binti yangu mwenyewe anapiga ramli kwa mashine. Nieleze, la sivyo nakuandikia makala.

Nimetia sahihi. Napenda kubisha nikiwa ndani.

Baba yako

Machi 6

Shikamoo baba,

Huku wazima, ila sitatulia mpaka utoke kwenye kisu.

Mpiga ramli hasemi "nimekosea". Sisi tunasema, tena tunahesabu makosa. Karibu mmoja kati ya watatu, baada ya upasuaji kama wako, vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kupiga. Damu ikituama humo inaweza kuganda, kipande kikaenda ubongoni. Kwa nini huyu na si yule? Ipo protini ambayo moyo huimwaga kwenye damu kuta zake zikivutika kupita kiasi. Labda moyo huanza kulalamika kabla hata ya kisu. Labda.

Ndiyo maana vichupa vinatufikia na namba tupu, bila majina. Nikijua ni cha nani, nitaona ninachotaka kuona. Usiniulize chako. Sitakijua.

Mwanao

Machi 9

Mama, mwanangu,

Habari za huko? Mimi kesho ndiyo kesho.

Umenijibu vizuri, na hilo limeniudhi. Lakini mtu mzima kugeuzwa namba sikubali. Asubuhi, muuguzi alipogeuka, nilichukua kalamu nikachora kwenye kichupa alama ya mshangao, ile ninayofungia makala zangu zote. Ukiiona, jua baba yako kapita hapo.

Baba yako

Machi 17

Shikamoo baba,

Mama anasema umeanza kubishana na wauguzi. Basi umepona, namshukuru Mungu.

Sasa nisikilize. Barua yako ilinikuta nimeshaiona alama. Kichupa kilikuwa mkononi mwangu, namba ya ile protini iko kwenye kioo cha mashine: ya juu kuliko zote za wiki ile. Utaratibu wetu unasema nyamaza. Nikaenda kwa mkuu wangu, nikamwambia, huyu ni baba. Palepale akakitoa kichupa chako kwenye utafiti, akampigia daktari wako. Daktari akasema namba hiyo haijathibitishwa, ila nyaya za mashine ya mapigo zikikaa kifuani siku za ziada hazimdhuru mtu. Ni katika siku hizo za ziada moyo wako ulipovurugika. Mashine ikapiga kelele, ukapewa dawa huku unalalamikia chai baridi.

Upo, baba. Lakini kwenye hesabu yetu hupo. Ungekuwa mfano wetu mzuri kuliko wote, tumekufuta, kwa sababu niliona.

Na bado najiuliza: damu yako ilijua, au ilibahatisha? Mtu mmoja hathibitishi kitu.

Mwanao

Machi 19

Bi Kwa Nini,

Salamu zako nimepata, dawa nakunywa, kidonda kinafunga.

Kufutwa! Wahariri wamenifuta mara ngapi, hakuna aliyeniuma hivi. Tena kwa kalamu yangu mwenyewe! Nikatafuta wa kumlaumu, sikumpata.

Kisha swali lako likaniganda. Kitanda cha pili yupo fundi bomba. Tulipasuliwa siku moja, moyo wake umetulia kama maji ya mtungi. Namba yake je? Kama nayo ilikuwa juu? Nimemuuliza, akaniambia, "Mzee, mimi najua mabomba." Sina hata wa kubishana naye.

Wodini wameingia watatu wanaosubiri kisu. Wawili walikuwa wamekataa kutoa damu. Nimewaeleza kama ulivyonieleza, wa mwisho kaniambia, "Nakubali, mradi unyamaze." Nilisimama mlangoni wakati wanatolewa damu, kuhakikisha hakuna anayechora kitu.

Vichupa vyao viko njiani. Hutawajua. Ukipata jibu niandikie, hata kama damu yangu ilibahatisha tu.

Baba yako