Kengele ya Koekelberg

Hadassa, soma hii kwanza, kazi itangoja.

Carine amerudi saa hii kutoka kwa ule muzee anamuchungaka kwake, mu quartier ya Koekelberg, Monsieur Desmedt. Ule alitumikaka mu sous-marin, meli ya kutembeaka chini ya maji, wakati ya ile vita ya dunia ya mwaka quarante.

Bon. Carine alikuwa anapitisha aspirateur, ile machine ya kuvuta vumbi. Muzee akang'oa fil ya umeme, akamwambia: vua viatu. Akazima radio. Akazima hata frigo.

Akamwelezea polepole. Sous-marin ikijaza maji mu ma-citernes, matanki yake, inashuka. Ikisukuma yale maji inje na hewa, inapanda. Lakini kama meli ya adui iko juu, haupande, haushuke, sababu ile hewa inapiga makelele na adui anasikiliza. "Donc tunanyamaza. Kijiko ikianguka, tumekufa."

Muntu mwingine angecheka. Carine akavua viatu.

Unajua ile wiki alipitisha amejificha mu plafond, juu chini ya mabati, Bukavu, vita ya mwaka quatre-vingt-seize, mama yake amemufunga kinywa na mukono.

Wakakaa chini mu couloir, njia ya ndani ya nyumba, na soksi tu, wanashikana mikono. Kengele ikalia. Ikalia tena. Ilikuwa infirmière, muuguzi, amemuletea muzee sindano yake ya sukari.

Hakuna alifungua.

Hakuna alifungua, Hadassa, mpaka pompiers, watu wa kuzima moto, wakavunja mulango.

Chef yao akamwuliza Carine: "Muzee ni mugonjwa wa kichwa. Na wewe?"

Sasa amekaa mu couloir yetu, na soksi. Amezima frigo.

Alors ukikuja dimanche, kisha misa, usipige kengele. Panda ngazi za escalier unaimba, ajue ni wewe.