Wanaosubiri Pale Kona

4 Februari

Mwanangu,

Habari za huko na kazi ya udereva? Sisi wazima, ila goti langu limeanza tena visa vyake. Tangu mabasi yahamie barabara mpya, mtaa wetu umepoa. Muuza viatu kafunga, kinyozi kahama. Mwenye nyumba anasema vyumba vikizidi kubaki vitupu atavigeuza ghala la saruji, changu kikiwemo. Na mimi bila kile chumba na cherehani yangu ni nani? Nipe akili.

Shangazi yako

19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Pole na goti. Barua yako imeniuma roho. Nisikufiche: sisi madereva hatuna mapenzi na mtaa, tunafuata abiria. Na maduka yanafuata pale tunaposimama. Hamishia cherehani barabara mpya.

Mwanao

7 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Goti limenyamaza. Sikuhama. Ulisema mnafuata abiria, nami nikawatafuta abiria. Wateja wangu wote wa sare za shule niliwapa siku moja ya kuchukua nguo, Jumamosi jioni, nikawaomba wakasubiri usafiri pale kona ya mtaa wetu. Dereva mmoja aliyekuwa anapeleka basi gereji akaona umati, akasimama kuuliza kuna msiba gani. Wakapanda wote. Jumamosi iliyofuata nikarudia, naye akaja mwenyewe, na mwenzake nyuma yake.

Sasa wanapita kila siku. Muuza matunda kaweka meza, kinyozi karudi, na anayeshuka kunyolewa anapitia kwangu kupunguza suruali. Wale wa kona siwapangi tena, wanajileta. Mwenye nyumba hataji ghala. Juzi kaleta rangi.

Shangazi

22 Mei

Shikamoo Shangazi,

Nimecheka hadi kondakta wangu akaniuliza kulikoni. Umetuvua kama samaki, Shangazi, tena kwa chambo cha sare za shule. Najivunia kuwa damu yako. Nakuja likizo mwezi ujao. Nishukie wapi?

Mwanao

3 Juni

Mwanangu,

Karibu sana, goti na mimi tunakungoja. Manispaa wameleta kibao cha kituo, wakauliza kiandikwe nini. Majirani walitaka jina langu kamili. Nimekataa, watu watadhani nimekufa. Wameandika "Kwa Fundi". Mwambie kondakta akushushe hapo. Utanisikia nashona kabla hujavuka barabara.

Shangazi yako