Mistari Miwili Kando ya Kitanda Chako

Mwanangu Baraka,

Kamwene, salamu yetu ya nyumbani. Habari hii nikiianza kwenye simu nalia, ndiyo maana nimekaa niandike, ingawa mwandiko wangu unaujua.

Unasema siku zile huzikumbuki. Mimi nazikumbuka zote. Ulirudi hapa nyumbani Kifanya kutoka kupasua mbao, kichwa kinauma, shingo haigeuki. Nikasema ni mbao hizo, umebebea bega moja. Nikakukanda kwa maji ya moto siku nne, kumbe ugonjwa unazidi. Ulikuwa unaniambia, "Mama, taratibu," nami nazidisha. Kwa hilo unisamehe.

Tulipofika hospitali Njombe ulikuwa hunijui. Nesi alikushika shingo, akaniambia, "Mama, hii siyo mbao. Ni homa ya uti wa mgongo." Akasema ziko za aina nyingi, kuna ya bakteria, ya TB, ya fangasi, na kila moja ina dawa yake, kwa hiyo daktari atoe maji kidogo mgongoni wajue ni ipi.

Nikakataa. Si unajua kwetu wanavyosema, aliyechomwa sindano ya mgongo harudi nyumbani. Shangazi yako naye akaniunga mkono, tena kwa sauti. Yule nesi hakugomba. Alivuta stuli akakaa karibu yangu.

"Wanaokufa ni wale mnaotuletea wamechelewa, sindano inasingiziwa tu. Wewe simama hapa hapa, uone kila kitu."

Nikakubali, daktari akachoma sindano nikiona. Tone la maji yako likawekwa kwenye kipimo kidogo kama kile cha malaria, palepale kitandani. Dakika kumi. Niliomba Mungu macho nimeyakodoa, nisipitwe. Ikatoka mistari miwili. Nesi akasema, "Ni fangasi," na siku ileile dripu ya dawa yake ikatundikwa. Huyo fangasi alipata wapi nafasi mwilini mwako, daktari alikueleza wewe. Mimi sikuuliza, na sitauliza.

Siku ya sita ukafumbua macho, ukaniuliza kama nimekula.

Sasa uko Makambako, una kazi, una nguvu. Namshukuru Mungu, namshukuru nesi yule, na wewe nakushukuru kwa kumeza dawa zako kila siku bila kuchoka. Ukinipigia ukasema "Shikamoo mama," ukaona kimya, usidhani ni mtandao. Nanyamaza ili useme tena.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama yako