Hapana Niliyokujibu Njiani

Mama yangu uliyelala Nambambo,

Unaikumbuka ile Jumamosi ulipokuja Nachingwea bila taarifa? Nilikuwa kidato cha pili, mlikuwa mmenipangia chumba huko kwa sababu shule ilikuwa mbali na nyumbani. Ulifika na mfuko wa unga kichwani, ukamkuta baba mwenye nyumba amekaa kitandani kwangu. Ulimsalimia kwa adabu, kisha ukaniambia, "Kunja godoro." Tulipoyapita mashamba ya ufuta ndipo ukaniuliza.

"Amekugusa?"

"Hapana, mama."

Nilikudanganya. Alishanigusa, na si mara moja. Alikuwa akituletea wapangaji mboga, mtaa mzima ukimwita mtu mwema, nani angeniamini? Niliogopa utajilaumu. Niliogopa zaidi kwamba baba angeniachisha shule. Ukafa hujui.

Sasa naishi Chunyu, na mjukuu wako Salma ametimiza miaka kumi na minne. Shule ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Msimu huu wa korosho tunashinda shambani, kwa hiyo baba yake alimwomba rafiki yake wa bodaboda awe anampeleka. Mimi mwenyewe nilimshukuru yule mtu, mama. Kwa mikono miwili!

Juzi Salma akasema afadhali atembee. Nikamuuliza lile swali lako. Akajibu "hapana" upesi, macho chini. Nikamkalisha jikoni, nikamsimulia yote niliyokuficha wewe. Akalia sana, kisha akasema, "Anasimamishaga pikipiki kwenye mikorosho, ananigusa, mama. Alisema nikisema, baba ataniua."

Jana nilimpeleka hospitali, kisha polisi, nao wakamkamata yule mtu. Tangu turudi, baba yake hajanisemesha. Asubuhi hii wazee wawili wa ukoo wake wamekaa barazani, wanataka yaishe kifamilia. Naogopa kuachwa. Naogopa Salma atanyooshewa vidole darasani. Naogopa yule mwanamume akiachiwa atapita hapa na pikipiki yake, akitazama ndani.

Wameniita mara ya pili. Natoka kuwaambia hayataisha kifamilia. Nimemwambia Salma abaki ndani, amekataa. Amevaa viatu, ananisubiri mlangoni.

Pumzika, mama. Unisamehe kwa nilivyochelewa kukwambia.

Mwanao wa kwanza,
Mama Salma