Jambazi Mkuu Nilimpa Jina la Meneja

Deka, nimejifungia chooni kazini. Usipige simu, soma tu.

Si unamjua Sandra, meneja wetu mpole wa kutuhesabia dakika za chai. Leo ameniambia niwawekee filamu hawa wazee wa Kiingereza tunaowatunza. Akachagua ya zamani kabisa, askari wa farasi wanafukuza genge la majambazi jangwani. Haina sauti hata kidogo. Wazee kumi na mmoja, nusu wanakoroma.

Nikaona haya sasa ni matanga. Nikaanza kuwatangazia kwa Kiswahili, kama yule jamaa wa maikrofoni kwenye ukumbi wa video kule Kisii. Wakaamka wote, japo hawaelewi neno. Wakanipigia makofi.

Sifa zikanipanda kichwani. Jambazi mkuu nikamwita Sandra. “Sandra huyo, anatoroka na likizo zetu. Mkamateni Sandra, mfungeni kamba.”

Deka, alikuwa mlangoni. Sandra mwenyewe.

Kiswahili hajui, ila jina lake amelisikia. Akamwita Korane wa jikoni, aliyekulia Garissa. Akamuuliza, “Anasema nini kunihusu?”

Korane akaangalia televisheni, jambazi anaburutwa na farasi. Akajibu bila kupepesa macho, “Anasema Sandra ndiye mkubwa wa askari.” Mungu ambariki.

Sandra akatabasamu. Mimi nikapumua, mjinga mimi.

Kumbe alikuwa ananirekodi na simu. Amefurahi mno, ameshamtumia mkubwa wake aone nilivyo na bidii. Mkubwa wake ni Bwana Kibet. Wa Eldoret.

Nimwambie nini mimi. Kule kazini kwenu Longbridge bado wanaandika watu?