Juisi ya Meza ya Bwana katika Chupa ya Baba

Euless, Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Mpendwa Shangazi Melania wa safu ya ushauri,

Leo nitakueleza yote bila kupunguza, hata yanayomhusu mama yangu, kwa sababu nikibaki nayo hadi Jumamosi nitaugua.

Baba anafanya kazi Mesquite, katika ghala la mvinyo, na mwaka jana alifika pale mzee Mfaransa ambaye ukoo wake unalima zabibu na kutengeneza mvinyo mwekundu kwenye kilima kilekile tangu enzi za babu wa babu yake, na kwa kuwa Baba ndiye pekee aliyejua Kifaransa waliongea sana, mzee akamwambia kwamba akiwa jikoni kwake huona makaburi ya wazee wake kando ya mizabibu, kisha akauliza, "Na baba yako amelala wapi?" Baba akamweleza kwamba Babu alizikwa kwetu Fizi sisi tukiwa tayari huku ugenini, na hakuna hata mmoja wa wanawe aliyetupa udongo. Mzee akampa chupa moja ya mavuno ya baba yake mwenyewe, akasema, "Mfungulie wako."

Tangu hapo chupa imekaa juu ya kabati, na Baba amesema ndiyo tutakayoondolea matanga, yeye kama mkubwa awamiminie wadogo zake katika kikombe kimoja, wanywe kwa zamu, ndipo Babu apumzike. Baba Mdogo Lévi wa Houston na Shangazi Anastasie wa Sugar Land wanakuja Jumamosi. Jana Baba Mdogo alipiga simu, tukasikia sote: "Yaya, kaka yangu, usiifungue bila sisi, mi nakujua." Baba akacheka. "Kuja kwanza, kisha utaongea." Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba.

Mama hakucheka. Mama ni shemasi, na kanisa letu halikubali pombe hata tone. Wiki iliyopita pasta alipokuwa anakuja kuombea nyumba, Baba yuko kazini, Mama aliizibua chupa taratibu, akaimwaga yote kwenye sinki, akajaza juisi ya zabibu ile ya Meza ya Bwana, akarudisha kizibo. Jikoni kukanuka udongo uliolowa mvua. "Rangi ni moja," akaniambia, "na hii imeombewa. Baba yako asijue. Unasikia, mwana?" Nikasema ndiyo, Mama.

Baba huipangusa vumbi kila akirudi kazini. Nikisema, nimemsaliti Mama, na nikinyamaza, Baba ataaibika mbele ya ndugu zake wakimlilia baba yao, ingawa bado natumaini nyumba yetu itapona. Shangazi, nijibu kabla ya Jumamosi: nimwambie Baba, au niiangushe chupa ivunjike?

Binti wa Euless

*

Binti yangu,

Jibu hili nakutumia leo Jumanne. Gazetini litatoka baada ya matanga, lisije likafika kwa baba yako kabla yenu.

Chupa usiiguse. Ukiivunja utakuwa umeongeza uongo juu ya uongo, safari hii kwa mikono yako. Pole, lakini wazo hilo lifute.

Mama yako ana haki ya kutopenda mvinyo. Angemwambia mumewe usoni, "Hiyo siitaki ndani ya nyumba," wakagombana kama watu wazima. Badala yake amemwacha aandae matanga ya baba yake kwa kitu asichokijua, na wewe akakubebesha siri. Hapo amekosea, na imani yake haimtetei.

Ukitoka shule kaa naye. Mwambie: "Mama, nilikubali kunyamaza, lakini siwezi tena. Mwambie Baba kabla ya Alhamisi kuisha, ama nitamwambia mimi, na wewe ukiwepo." Usipaze sauti. Akilia, mshike mkono, lakini siku usiibadilishe. Akikataa, mpigie Shangazi Anastasie. Dada wa baba yako anaweza kukaa kati yao. Wewe huwezi, na usijaribu.

Sitakudanganya, Baba atakasirika, pengine sana, na mvinyo ule haurudi hata akipewa ghala zima. Lakini ni afadhali akasirike jikoni kwake kuliko kuaibika mbele ya wadogo zake. Jumamosi yeye ndiye mkubwa, ataamua kikombe kijazwe nini, hata kama ni maji ya bomba. Ila anayemimina lazima ajue anamimina nini.

Shangazi Melania